Maswali ya Wasomaji: Mfaransa wa filamu za mumiani

SWALI: Mhariri, shikamoo. Mimi na wenzangu wawili hapa Pasua, Moshi, tunatengeneza filamu fupi za kutisha kwa kamera ya kuazima. Muuza DVD mmoja alituonyesha filamu za Mfaransa aitwaye Jean Rollin, ambazo ukosefu wa fedha unaonekana wazi, lakini alizitengeneza kwa miaka mingi. Aliwezaje, na je, tuna la kujifunza kwake?

JIBU: Marahaba, vijana wangu, na mnalo la kujifunza. Rollin, aliyezaliwa mwaka 1938 na kufariki Desemba 2010, alianza filamu ndefu kwa kazi ya kuziba pengo. Ilihitajika filamu fupi ya kuonyeshwa pamoja na filamu ya zamani ya mumiani kutoka Marekani, na mtayarishaji wake akawa Sam Selsky, Mmarekani aliyekuwa Paris. (Mumiani wa kwao, tofauti na wa hadithi zetu, ni maiti anayetoka kaburini.) Baadaye iliongezwa sehemu ya pili ili iwe filamu ndefu, na kwa kuwa wahusika walikuwa wamekwisha kuuawa, ikabidi wafufuliwe. Filamu hiyo, Le Viol du vampire, ilitoka Mei 1968, wakati Ufaransa imesimama kwa migomo na filamu mpya ni chache. Watu wakafurika ukumbini, wakakasirika, wakazomea na kurusha vitu.

Mtu mwingine angeacha kazi, lakini yeye alishikilia jambo ambalo ningependa mlitazame kwa makini, nalo ni mahali. Karibu na Dieppe, huko Normandy, ipo pwani ya kokoto iitwayo Pourville, yenye majabali meupe na safu za magogo yaliyopigiliwa kuzuia mawimbi. Alipiga picha hapo mwaka 1958 akiwa kijana, kisha akairudia filamu baada ya filamu, hata mtazamaji akiyaona magogo yale anajua kazi ni ya nani. Pwani ile ilimpa upweke ambao asingeweza kuujenga studioni kwa fedha alizokuwa nazo.

Tazameni pia anavyotumia kitu kimoja tu. Katika Le Frisson des vampires ya mwaka 1971, mumiani wa kike anatokea usiku wa manane ndani ya saa kubwa ya kusimama: mlango wa saa unafunguka, naye yumo. Katika Fascination ya mwaka 1979, mwigizaji Brigitte Lahaie anasimama darajani amevaa joho jeusi, mkononi ana mundu wenye mpini mrefu. Filamu hiyo inaanzia machinjioni, mwaka 1905, ambapo wanawake wa kitajiri wanakunywa damu ya ng'ombe kama tiba ya upungufu wa damu. Ninyi mliokulia kwenye kisusio, supu yetu ya damu, hamtashtuka kwa damu yenyewe. Kinachoshtua ni zile nguo zao safi.

Nisiwafiche: waigizaji wake wengi ni wagumu kama mbao, na uchi uliojaa katika filamu zile uliwekwa kwa sababu ndio uliouzika. Huo msiuige. Nendeni kwenye mfongo, yaani mfereji wa maji, wa zamani kule Kibosho, asubuhi ya Julai, ukungu ukiwa bado kwenye migomba, mpige picha kabla jua halijapanda, na mrudi hapo hapo filamu ijayo.

SWALI: Mimi ni msomaji wa Ngarenaro, Arusha. Kwa nini Rollin alitumia pia jina la Michel Gentil?

JIBU: Mwaka 1973 alitoa La Rose de fer, inayohusu wapenzi wawili wanaopotea usiku makaburini, iliyopigwa katika makaburi ya Amiens. Kwangu mimi ni miongoni mwa kazi zake bora, lakini haikuuzika. Ili apate riziki akaongoza filamu za ngono, nazo akazitia jina hilo alilolikata kutoka katika jina lake la kuzaliwa, Jean Michel Rollin Roth Le Gentil. Aliporudi na Les Raisins de la mort mwaka 1978, inayosimulia jinsi dawa ya kunyunyizia mizabibu inavyotia sumu mvinyo na kuwageuza wanakijiji kuwa wauaji wenye vidonda, aliiandika kwa jina la Jean Rollin.