Mtoto Kamwacha na Nani?

Mhariri, wiki hii mmeuliza: mwanariadha wa kike akishazaa, aendelee au astaafu? Mimi nasema aendelee, na shahidi wangu ni mama mmoja wa Uholanzi, Fanny Blankers-Koen.

Alizaliwa mwaka 1918. Olimpiki ya Berlin, 1936, alirudi nyumbani bila medali. Alichopata ni saini ya Jesse Owens. Kisha vita ikafuta michezo ya 1940 na ya 1944, na nchi yake ikatawaliwa na Wajerumani. Katikati ya hayo akaolewa na kocha wake, Jan Blankers, akajifungua mtoto wa kiume. Wengi wakadhani ndiyo basi tena. Mwaka 1943, akiwa tayari mama, aliruka juu mita 1.71 na kuruka mbali mita 6.25, zote mbili rekodi za dunia.

London, 1948, alikuwa na miaka 30 na watoto wawili. Meneja wa timu ya Uingereza alisema amezeeka. Barua zikamjia zikimtaka akae nyumbani na wanawe, aache kukimbia na bukta mbele za watu. Barua hizo nazielewa. Zangu hazikuandikwa, nilisemwa uani huku nafua nepi.

Mita 100 alishinda kwa sekunde 11.9. Kwenye mbio za kuruka viunzi, Mwingereza Maureen Gardner alimbana hadi mwisho, na bendi ilipopiga wimbo wa taifa wa Uingereza Fanny aliamini ameshindwa. Kumbe ni familia ya mfalme ilikuwa inaingia uwanjani. Dhahabu mbili tayari, na hapo ndipo alipotaka kuacha! Alilia, anawataka watoto wake. Naipenda sana sehemu hii, maana wanaosimulia ushindi wa akina mama huiruka. Mumewe alikaa naye wakazungumza, akarudi, akashinda mita 200 kwa kuwaacha wenzake sekunde 0.7. Kwenye kupokezana vijiti alipokea akiwa nyuma ya Waaustralia, akawapita. Wanawake walikuwa na mashindano tisa tu ya riadha mwaka ule. Manne aliyachukua yeye.

Watu husema alikuwa na moyo. Ni kweli. Lakini mimi huangalia mazoezi yake: watoto alikwenda nao uwanjani, na kocha alikuwa baba yao. Swali la mtoto kamwacha na nani lilikuwa na jibu kabla hajavaa viatu.

Mimi nilikimbia mita 200 UMISSETA, michezo ya shule za sekondari Tanzania, baadaye klabu moja ya hapa Dar. Nilipojifungua, kocha alikata jina langu hata sijamaliza arobaini. Iliniuma, na bado inaniuma. Ila hata angeliacha jina langu, mazoezi yalikuwa saa 11 jioni, mama yangu yuko Feri anauza samaki, mume yuko safarini. Miguu nilikuwa nayo. Mikono ya kumshika mwanangu kwa saa mbili ndiyo iliyokosekana, na klabu haikufikiria hata kutandika mkeka pembeni ya uwanja akakaa dada mmoja na watoto wetu. Mkeka ni bei gani?

Jirani yangu hapa Mbagala ana miaka 22 na mtoto wa miezi minane, na anakimbia vizuri kuliko nilivyowahi kukimbia mimi. Kila Ijumaa usiku mtoto analala kwangu, kwa kuwa Jumamosi mazoezi yanaanza saa 12 asubuhi na daladala lazima aliwahi gizani. Ananiachia maziwa kwenye chupa, kanga mbili na maelekezo mengi, kana kwamba mimi sijalea. Juzi alirudi ameandika muda wake kwa kalamu kwenye kiganja. Akanionyesha kwanza, ndipo akamchukua mwanawe.