Kabla hujaliandika shairi, lihesabu kwa mdomo

Wengi wetu tukitaka kuanza kutunga mashairi tunakimbilia vina, na mi ndo nilianzia hukohuko, ukishapata maneno kumi yanaishia na -ka unaona kazi imeisha. Vina rahisi jamani. Kinachotoa jasho ni mizani, yaani hesabu ya silabi, na mizani huipati kwa macho, unaipata kwa mdomo.

Ilikuwa sendofu ya dada yangu, Tanga, nikajitolea kumtungia tarbia, yaani beti za mishororo minne, kila mshororo mizani 16, nane za ukwapi, yaani nusu ya kwanza, na nane za utao, nusu ya pili. Nikaandika kwenye simu mpaka usiku wa manane, nikaanza na "Dada yangu mpendwa sana". Nikahesabu, nane, safi. Asubuhi nikaenda kwa mzee mmoja jirani yetu, mtu aliyetunga tangu ujana wake, nikampa shikamoo yake nikamsomea. Hakusema kitu, akaanza kukunja vidole, da, da, ya, ngu, m, pe, ndwa, sa, na. Kidole cha tisa kikakunjika. "Mjukuu wangu," akaniambia, "hili guni."

Yaani shairi lililokosa kanuni, mizani haijakaa sawa. Niliumia, nisiseme uongo. Ila nikaelewa nilipokosea, nilisoma "mpe" kama pigo moja wakati ile m inasimama peke yake, ina mizani yake. Na hapa ndo Kiswahili kinanimaliza kwa utamu, manake si kila m iko hivyo. Chukua mbuni. Yule ndege mkubwa ni mbu-ni, mizani mbili. Mti wa kahawa nao ni mbuni lakini huo ni m-bu-ni, mizani tatu. Herufi zilezile kabisa! Au sema "nyumba mbaya" halafu "mtu mbaya", taratibu, kwa sauti, utasikia ya nyumba inapita haraka na ya mtu inakaa kidogo mdomoni kabla hujafungua midomo.

Njia ninayotumia siku hizi nikiwa na wasiwasi ni kuliweka neno kwenye wingi. Mbuni wa kahawa inakuwa mibuni, mpendwa inakuwa wapendwa, kwa hiyo ile m ni kiambishi, ihesabu. Mbuni ndege wakiwa wengi bado ni mbuni, m haibanduki, usiihesabu. Ila maneno mafupi kama mbu, mbwa, nchi, nge hayafuati hiyo, hayo yote ni mizani mbili mbili, yaseme tu utasikia uzito wote umeangukia mwanzoni.

Basi nikarudi nyumbani nikafuta. Nilihangaika na huo mstari nikipika, nikiwa kwenye daladala, nagonga vidole kwenye paja, mpaka ukaja wenyewe:

Dada wa toka nitoke, leo kwetu waondoka,
Mama chozi limtoke, si huzuni kwa hakika.

Hesabu mwenyewe, na uiangalie ile m ya "limtoke", safari hii nilimpa haki yake.

Kitu kingine, usiogope inkisari, yaani kufupisha neno ili mizani itoshe, lakini usiifanye chakula cha kila siku. Kibwagizo changu kilikuwa "Nenda salama ufike, dua zetu takufika". Kwa kawaida ungesema zitakufika ila hapo inakuwa tisa, nikakata ile zi, na aliyesikia haimsumbui kwa sababu "dua zetu" imeshamwambia kinachofika ni nini. Ukikata mpaka mtu anauliza nani kafanya nini, hapo umeharibu, bora utafute neno lingine hata kama utakaa nalo wiki.

Baadaye nikaja kujua kwamba Sheikh Kaluta Amri Abedi, huyu ambaye uwanja wa mpira wa Arusha una jina lake, alishatoa kitabu kizima cha sheria za kutunga mashairi mwaka 1954. Kisome ukikipata. Lakini mi nakushauri uanze na vidole na mahadhi, chukua wimbo wowote wa harusi unaoujua, upachike maneno yako juu yake uimbe, pale unapolazimika kukimbiza neno au kulivuta ujue mizani imezidi au imepungua. Sikio linakamata mapema kuliko kalamu.

Siku ya sendofu sikulisoma, nililighani. Beti la kwanza watu wametulia tu, la pili wakaanza kutikisa vichwa, nilipofika mwisho wa la tatu nikavuta pumzi nianze kibwagizo, mashangazi meza ya mbele walishakidaka, "Nenda salama ufike", wote kwa pamoja, na hakuna aliyekuwa na karatasi.