Jibu: Je, Marekani bado wanapiga CT scan kwa wingi?

Dada, umeuliza kama ni kweli Wamarekani wanapigwa CT scan (picha za ndani ya mwili zinazotumia eksirei nyingi) kupita kiasi, na kama idadi bado inapanda. Inapanda. Mwaka 1980 walipiga kama milioni 3. Kufikia 2007 zilizidi milioni 62 kwa mwaka, na makadirio ya 2023 ni milioni 93.

Sababu kubwa ni kwamba mashine zimekuwa za haraka mno. Mgonjwa akifika na maumivu ya tumbo, badala ya kumlaza na kumwangalia, daktari anampitisha kwenye CT na jibu linapatikana muda si mrefu. Ongeza hofu ya kushtakiwa, na hospitali kulipwa kwa kila kipimo. Sheria iliyopitishwa kule ilipunguza malipo ya Medicare (bima ya afya ya serikali, hasa kwa wazee) kwa vipimo vya picha kuanzia 2007, na kasi ikapoa kwa muda.

Kuhusu mionzi uliyoihofia: eksirei moja ya kifua ni takriban milisivati (kipimo cha mionzi) 0.1, CT ya tumbo hufika 8 hadi 10. Tofauti hiyo ndiyo inayonikera mtu anaposema "ni picha tu". Kwa watoto nasisitiza zaidi, maana seli zao bado zinakua na wana miaka mingi mbele. Ndiyo maana kampeni ya Image Gently, ya kupunguza mionzi kwa watoto wanaopigwa picha, ilianzishwa 2008.

Mwanao akiandikiwa CT, muulize daktari kama ultrasaundi inatosha. Lakini akiwa ameumia kichwa vibaya, usichelewe, apigwe.