Paka mzee, tumbo kubwa, mgongo mkavu: msiniambie ni unene, yanaweza kuwa maji yaliyoizunguka figo

Wiki hii dada mmoja kaniandikia inboksi, paka wake ana miaka 12, tumbo limejaa zaidi upande mmoja, chakula anakigusagusa tu, na kila anayemuuliza anamjibu paka kanenepa. Jamani, iliniuma, maana hayo maneno niliambiwa mimi na daktari, tena huku anacheka. Wangu nilikuwa namshika kila siku, mifupa ya mgongo unaihesabu kwa vidole halafu tumbo linazidi kukua, sasa huo ni unene gani unaokaa tumboni tu?

Nikampeleka kwa mwingine. Yule alimpapasa akanyamaza kidogo, akasema twende ultrasaundi, na pale kwenye skrini figo ikaonekana ndogo, imezungukwa na maji pande zote. Kumbe maji yanajikusanya kati ya figo na ngozi nyembamba inayoifunika (kitaalamu wanaita perinephric pseudocyst), yanaweza kuwa figo moja au zote mbili, na wanaopata ni wazee zaidi. Mara nyingi hayaumi kwahiyo usisubiri paka alie. Ugonjwa wenyewe ni adimu, daktari anaweza kufanya kazi miaka bila kukutana nao, hilo naelewa, ila kutouona sio ruhusa ya kumcheka mtu anayemjua paka wake.

Maji yanatolewa kwa sindano huku wanaangalia ultrasaundi. Wangu alipata nafuu akaanza tena kuruka kwenye kiti chake, lakini yanarudi, wengine baada ya wiki kadhaa wengine miezi, na yakizidi kurudi kuna operesheni ya kukata ile ngozi inayofunika figo ili maji yasipate pa kujifungia, mwili unayanyonya wenyewe. Figo haing'olewi hivi hivi, maana ya pili nayo mara nyingi imeshachoka.

Na hapa ndipo watu mnaponikera, tumbo likishuka mnashangilia mnaacha kliniki! Maji yametoka, figo haijapona. Kriatinini, yaani uchafu wa kwenye damu ambao figo huuchuja, inakuja kupanda wakati karibu asilimia 75 ya kazi ya figo imeshapotea, kwahiyo pima damu, pima mkojo, pima presha (ile namba ya juu ikikaa 160 kwenda juu anahitaji dawa), mpe chakula maalum cha paka wenye ugonjwa wa figo, chenye fosforasi kidogo, weka maji kila kona anayopita. Dawa za maumivu za binadamu usimpe kabisa, parasetamoli inaua paka. Mimi hayo niliyashika bila kuchoka na wangu kaishi kuliko walivyonitabiria, najivunia hilo na sitaacha kulisema.

Dada yangu, omba ultrasaundi ya figo zote mbili, wasiishie ya upande uliovimba. Wakivuta maji usikubali yamwagwe, yaende maabara wahakikishe sio mkojo unaovuja, sio usaha, na hakuna seli za kansa.