Muulize Fundi: Range Rover Sport ya kwendea Posta, au tako la nyani?

Swali: Shikamoo fundi. Naishi Goba, ofisi iko Posta, kwenda na kurudi ni kama kilomita 50 kila siku ya kazi. Nimepanda cheo na nimechoka na kigari changu kidogo. Nataka gari la juu, lenye hadhi, lakini liwe la kuaminika, maana bosi wangu hataki kusikia habari za gari limezima njiani. Nina milioni 45. Nimeona matatu: Range Rover Sport ya 2010 ya dizeli, injini ya 3.0, mwenyewe anataka 42. BMW X5 ya 2009 ya petroli, bei hatujafika mwisho. Na Harrier tako la nyani ya 2008, injini ya 2.4, namba D, kwa 27. Shemeji yangu ananicheka, anasema Harrier ni gari la kila mtu. Unanishauri nini?
*Dada wa Goba*

Jibu: Marahaba mwanangu, na hongera kwa cheo.

Shemeji yako kasema kweli, Harrier ni gari la kila mtu, na mimi kwa sababu hiyohiyo ndiyo ningekuambia ulinunue. Ukivunja taa ya nyuma leo jioni, kesho asubuhi unaipata Ilala, ukitaka mpya ya Kichina, ukitaka iliyotumika kutoka Japani. Bushi, koili, shokapu, raki ya usukani, vyote vipo, na vipo kwa bei za mifuko tofauti. Fundi wa Tegeta ameshalifungua, wa Mbagala naye ameshalifungua. Gari la kwendea kazini likiharibika Jumatatu, Jumatano liwe barabarani. Mengine yote, viti vya ngozi na sauti ya mlango ukifungwa, yanafuata baadaye.

Range Rover Sport tulipigie hesabu kabla hujaenda kuliona, maana ukishakaa ndani hesabu itakukimbia. Una 45, anataka 42. Tatu inayobaki ndiyo ya kubadilisha umiliki, bima na sevisi ya kwanza, na hapo bado hujakutana na tatizo hata moja. Bei ya kulinunua imeshuka kwa sababu gari limezeeka. Spea zake hazijui kama limezeeka.

Gari lile halikalii springi za chuma, linakalia mifuko ya hewa, na kuna kompresa inayoijaza. Mfuko mmoja ukianza kuvuja, kompresa inafanya kazi bila kupumzika mpaka nayo inaungua. Dalili yake huioni mchana, kwa sababu muuzaji kashaliwasha na limeshainuka. Mwambie utafika saa kumi na mbili asubuhi na asiliguse kabla hujafika. Ukilikuta limeinamia kona moja kama ngamia aliyepiga goti, umeshapata jibu, rudi nyumbani ukanywe chai.

Halafu kuna injini yenyewe. Hizi TDV6, yaani dizeli za silinda sita za gari hilo, ya 2.7 na ya 3.0, zinajulikana kwa kukatika kranki, ule mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni. Si zote, na nyingi zinatembea mpaka leo, lakini ikikatika hakuna cha kuunga pale, ni kutafuta injini nyingine. Ina pia mikanda miwili: wa mbele wa taiming, na mwingine nyuma unaozungusha pampu ya dizeli, ambao wapo mafundi wa mtaani wasiojua kama upo. Muulize muuzaji ulibadilishwa lini. Akikuuliza "mkanda gani?", usiendelee na mazungumzo ya bei. Zipo na kazi, kama za turbo, ambazo mafundi wengi huona nafuu kunyanyua bodi nzima kutoka kwenye chesi ndipo wafike. Sasa fikiria bili yake.

Sisemi ni gari baya. Nimewahi kuliendesha la mteja mpaka Chalinze na kurudi, nikashuka sijui kama nimesafiri. Ila lile ni gari la mtu mwenye gari lingine nyumbani.

X5 sitakaa nayo sana. Ni gari zuri la kuendesha na linashika barabara kuliko haya mengine mawili. Lakini zile za petroli za silinda sita zina pampu ya maji ya umeme, na ikiamua kufa haikupi taarifa. Unashtukia tu joto limepanda uko katikati ya foleni ya Morocco. Gasketi zake huanza kuvujisha oili zikipigwa na joto kwa miaka. Hata betri mpya ukiifunga inatakiwa iandikishwe kwenye kompyuta ya gari. Kama una fundi wako wa BMW mwenye mashine yake, unayemwamini, tuzungumze. Kama huna, achana nayo.

Turudi kwenye tako la nyani. Usije ukadhani nimekwambia ukalichukue hilo la 27 kesho. Nimekwambia aina ya gari. Hilo moja uliloliona bado hatulijui.

Kwanza fungua boneti usome namba ya chesi. Ikianza na ACU30, ni 2.4 ya kuvuta magurudumu mawili. ACU35 ni ile ya magurudumu manne. Kwa Goba na Posta huhitaji ya manne, inakuongezea mafuta na vitu vya kutengeneza. Ikianza na MCU ni 3.0, GSU ni 3.5. Madalali wengine wanasema "2.4" kwa kila Harrier kwa sababu ndiyo watu wanayoitaka.

Injini hiyo ya 2.4, 2AZ kwa jina lake, ina magonjwa mawili. Za miaka ya mwanzo, bolti za silinda hedi zilikuwa zinalegea kwa nyuma, maji yanavuja taratibu. Za kuanzia 2006 hivi, na hiyo ya 2008 imo, baadhi zinakula oili kwa sababu ya ringi za pistoni. Kwa hiyo fanya hivi. Nenda asubuhi injini ikiwa ya baridi, weka mkono juu ya boneti kuhakikisha. Chomoa kijiti cha oili: kama iko chini ya alama na muuzaji anasema sevisi ilikuwa wiki iliyopita, hapo pana jambo. Chukua tochi, angalia nyuma ya injini upande wa dashibodi, tafuta ukoko mweupe au wa waridi wa maji yaliyokaukia. Kisha liwashe, washa AC, liache lingurume kwa dakika kumi na tano hivi, kama liko kwenye foleni. Mtu mmoja asimame nyuma, wewe kanyaga mafuta ghafla. Moshi wa buluu ukitoka, ni oili inaungua. Ukiwa na fundi, achomoe na plagi. Zenye utandu mweusi wa mafuta zitakwambia yaleyale.

Kwenye dashibodi, fungua swichi kabla ya kuwasha injini. Taa ya injini lazima iwake, na injini ikishawaka izime. Isipowaka kabisa, usifurahi, kuna mtu kaichomoa ili usione. Toa gia kutoka N kwenda D ukiwa umekanyaga breki. Likikawia kisha likapiga teke, giaboksi ina lake. Na kwa kuwa tuko Dar na Msimbazi tunaujua, vuta mkanda wa kiti cha nyuma mpaka mwisho wake kabisa. Watu wanafua kapeti, wanafua viti, lakini ile sehemu ya mkanda inayobaki imejikunja ndani hawaikumbuki. Ukikuta alama ya tope hapo, gari lilizama.

Makaratasi: jina la kwenye kadi lifanane na kitambulisho cha anayekuuzia, si cha "kaka yake aliyesafiri". Angalia madeni ya faini za trafiki kwa namba ya gari kabla hujatoa hela, na uhamisho wa umiliki mfanye wote wawili TRA, usipewe kadi iliyosainiwa ukaambiwa utamalizia mwenyewe.

Mafuta nayo uyahesabu. Kilomita 50 kwa siku 22 za kazi ni 1,100 kwa mwezi. Kwa foleni ya Mwenge mpaka mjini mimi naikadiria 2.4 kilomita 7 kwa lita, 8 ukiwa na mguu mwepesi. Kwa 7 ni lita 157. Tuchukulie lita ni shilingi 3,000, inakuja kama 471,000 kwa mwezi, kabla hujaenda harusi wala msiba. Bei yenyewe EWURA wanaitangaza upya kila mwezi, kwa hiyo hesabu hiyo uirudie. Kama 471,000 imekushtua, basi soma swali linalofuata.

Ukilipata lililo zima kwa 27 au hata 29, badilisha oili ya injini na ya giaboksi, tairi nne kama zimechoka, bushi za mbele, na bado una zaidi ya milioni 12 benki. Shemeji akikucheka mwambie hizo ndizo za kwako, za Range Rover zingekuwa za muuza spea.

Swali: Fundi, niko Mwanza. Nataka Harrier Anaconda, ile iliyofuata tako la nyani, ya haibridi (injini na umeme pamoja) kwa sababu ya mafuta, lakini kila mtu ananitisha na betri. Ni kweli ikifa ndiyo basi?
*Msomaji wa Nyegezi*

Jibu: Ikifa si basi, inabadilishwa, lakini si bei ya betri ya kawaida, kwa hiyo woga wao una msingi. Kinachonikera ni kwamba wanaokutisha hawakwambii kwa nini inakufa mapema.

Betri kubwa ya haibridi ya Anaconda iko chini ya kiti cha nyuma. Inapoozwa na feni inayovuta hewa ya mle ndani ya gari, kupitia kitundu chenye wavu pale kwenye kiti. Sasa angalia maisha yetu: watoto wamemwaga bisi, kuna vumbi la barabara za mitaa, kuna begi la shule limeegemezwa palepale. Feni inajaa vumbi, betri inachemka, seli zinaanza kufa moja moja. Ukienda kuliona gari, piga magoti uangalie kitundu hicho kwa tochi. Manyoya ya vumbi yakiwa yamejaa, mwenye gari hakuwahi kuambiwa. Feni inafunguliwa na kusafishwa, si kazi ya kutisha.

Mashine nzuri ya kupimia inasoma volti za betri hiyo fungu kwa fungu. Tafuta fundi mwenye nayo, mpande gari, mkaendeshe kwenye kilima, asome huku mnapanda. Fungu moja likianguka peke yake wakati mengine yamesimama, lipo lililoanza kuchoka. Muuzaji akikataa kipimo hicho, nenda kwa mwingine.

Kwa mtu wa foleni haibridi inalipa kweli, kwa sababu ukisimama injini inazima na ukisogea taratibu unasukumwa na umeme. Kwa mtu anayekwenda Shinyanga kila wiki kwa mwendo mmoja, faida inapungua. Wewe wa Nyegezi na mjini uko katikati hapo, piga hesabu ya kilomita zako.

Swali: Nataka kuagiza mwenyewe kutoka Japani Anaconda ya 2.0. Wakala kanitumia karatasi ya mnada, gredi imeandikwa R, anasema ni "Regular". Nilipe?
*Mwalimu, Morogoro*

Jibu: Mwalimu, usilipe. R au RA kwenye karatasi ya mnada maana yake gari liligongwa na kutengenezwa. RA kwa kawaida ni iliyoguswa kidogo, R inaweza kuwa nzito. Zipo R nzuri, zilizobadilishwa kipande kimoja cha mbele, lakini aliyekudanganya kwenye herufi moja atakudanganya na kwenye kilomita. Tafuta wakala mwingine, uombe karatasi yenyewe ya Kijapani, siyo tafsiri aliyoichapa yeye, na uombe cheti cha JEVIC, wakaguzi wa magari ya Japani, cha ukaguzi wa odometa.

Kwenye ushuru umechagua vizuri: injini hiyo ni cc 1,986, iko chini ya 2,000, na ushuru wa bidhaa wake ni asilimia 5 badala ya 10 ya injini kubwa. Angalia tu mwaka wa kutengenezwa, kwa sababu gari likizeeka linaongezewa ushuru wa uchakavu. Kikokotoo cha TRA kitakupa jumla, kitumie kabla ya kumtumia mtu yeyote hela.

Swali: Nina Prado, nataka kuweka rimu 22 lipendeze. Kuna madhara?
*Kijana wa Sinza*

Jibu: Kuna. Ubavu wa tairi unakuwa mfupi, kila shimo la Sinza linakwenda moja kwa moja kwenye bushi na bol joint, na rimu yenyewe inapinda. Weka 18, ukaoshe gari.