Tumenyimwa posho ya mtoto, tukate rufaa au tuache?

SWALI: Shikamoo, bibi. Mwanangu wa miaka saba ana mtindio wa ubongo. Tuliomba posho ya serikali kwa watoto wenye ulemavu, tukajibiwa kwa mstari mmoja kwamba hali yake haijafikia kiwango. Niliacha kazi ili nimlee. Mume wangu anasema tuache, tusionekane ombaomba. Kuna jamaa anataka tumlipe asukume faili. Tufanyeje? – Mama K.

JIBU: Marahaba, Mama K. Nilikaa miaka mingi upande wa pili wa ile meza nikisoma fomu kama yenu, kwa hiyo sitazunguka.

Baba K aelezwe kwamba hamuombi sadaka. Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, ibara ya 23, unatambua haki ya mtoto mwenye ulemavu kupewa matunzo maalumu, na msaada utolewe bure kila inapowezekana, kwa kuangalia uwezo wa wazazi. Ule wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa 2006, ibara ya 28, unazitaja hata familia maskini: zisaidiwe gharama zinazotokana na ulemavu, pamoja na mlezi kupata wa kumpokea apumzike. Kiasi na masharti, hayo hupangwa na sheria za nchi yenu.

Sasa fomu. Nadhani cheti chenu kina jina la ugonjwa na muhuri, basi. Jina halimwambii msomaji huyu mtoto anahitaji nini kuliko mwenzake wa miaka saba. Halafu wazazi, akina mama hasa, huandika siku nzuri: “Anajitahidi kula mwenyewe.” Ni mapenzi hayo, lakini ofisa atatia alama kwamba anakula mwenyewe. Andika: anashika kijiko, nusu inamwagika, namalizia mimi, na mlo mmoja unachukua karibu saa nzima. Andika mnaamka mara ngapi usiku kumgeuza, nepi ngapi kwa siku, kiti cha magurudumu kisichomtosha tena kwa sababu amekua, na teksi mnayokodi kwa kuwa basi halimpakii. Mwombe mtaalamu wa mazoezi ya viungo aandike hayohayo kwa maneno yake.

Mshahara ulioupoteza nao ni gharama. Tafuta barua ya mwajiri wako wa zamani. Baadhi ya nchi zina posho ya mlezi, kando na ya mtoto, na watu wengi hawaiulizii kabisa.

Leo hii angalieni siku ya mwisho ya rufaa, na mdai sababu kwa maandishi. Ule mstari mmoja hautoshi kujibiwa. Kama ndugu wanawachangia, ulizeni kwanza kama pesa inayoingia kwenye akaunti yenu itahesabiwa kuwa kipato. Nimeona posho ikikatwa kwa ajili hiyo.

Huyo jamaa wa kusukuma faili msimpe hata nauli. Sababu zikifika, nitumie nizisome.