Nipunguze upepo wa tairi au nisipunguze? Swali kutoka kwa msafiri wa Namibia na Botswana

SWALI: Fundi, habari za kazi. Mwezi wa saba mimi, mke wangu na watoto wawili tutakodi Hilux ya dabo kebini yenye hema juu ya paa, pale Windhoek, na nitaendesha mwenyewe. Njia yetu ni Sesriem na Sossusvlei kule jangwani, Swakopmund, hifadhi ya wanyama ya Etosha, kisha Divundu na kuingia Botswana hadi Maun na hifadhi ya Moremi. Wenye gari wameniandikia nipunguze upepo hadi bar 1.8 kwenye changarawe na bar 1.2 kwenye mchanga. Fundi wangu wa matairi hapa Dodoma kaguna. Anasema upepo mdogo unaua tairi, na linaweza hata kuvuka ringi. Nimsikilize nani? Na 4H na 4L, yaani kuvuta kwa magurudumu yote manne kwa gia za kasi na kwa gia za nguvu, nizitumie wapi?

JIBU: Wote wawili wana haki, ila kila mmoja ana mwendo wake kichwani. Fundi wako anaona gari lenye mzigo linakata 110 kwenye lami ya Morogoro likiwa na bar 1.2, tairi la namna hiyo halifiki Gairo. Wenye gari wanaona Hilux inayotambaa kwa 20 kwenye mchanga wa Sossusvlei. Kabla hujauliza upepo kiasi gani, jiulize utakwenda mwendo gani na juu ya nini.

Gari halibebwi na mpira, linabebwa na upepo uliofungiwa ndani ya mpira. Kwa makadirio ya karibu, tairi linaikandamiza ardhi kwa nguvu ileile ya upepo ulio ndani yake. Ukiushusha kutoka bar 2.4 hadi 1.2, uzito wa gari haujabadilika, kwa hiyo tairi hulala chini hadi eneo linalogusa ardhi likaribie kuwa mara mbili. Eneo hilo huongezeka zaidi kwa urefu, mbele na nyuma, kuliko kwa upana. Ndiyo maana gari hupita juu ya mchanga badala ya kuuchimba, na ndiyo maana wanaofunga matairi mapana kwa ajili ya jangwa halafu wakayaacha yamejaa ndi hukwama vilevile.

Gharama yake iko ubavuni. Tairi lililolala hukunjika ubavu kila linapozunguka. Saizi ya kawaida ya Hilux, 265/65R17, huzunguka kama mara 410 kwa kilomita moja. Kwa mwendo wa 20 ni mikunjo 8,000 hivi kwa saa, kwa 100 inapita 40,000. Mikunjo hiyo huzaa joto, joto hulegeza gundi kati ya mpira na nyuzi za ndani, na tairi hupasuka bila kugusa jiwe. Hicho ndicho fundi wako anachokiogopa, na ni kweli. La kuvuka ringi nalo ni kweli, hasa chini ya bar 1, ukikata kona kali au ukizungusha usukani hadi mwisho. Kwenye mchanga kona zako ziwe pana.

Sasa namba. Nyingi ya gaji zetu husoma PSI, basi kumbuka bar 1 ni PSI 14.5. Karatasi iliyobandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva ndiyo msingi wako. Kwa Hilux iliyobeba hema, friji na familia, mimi huanzia hapa: lami, bar 2.2 mbele na 2.4 nyuma, changarawe, 1.8 mbele na 2.0 nyuma, mwendo usizidi 80. Mchanga mzito, 1.2 hadi 1.4 kote, mwendo usizidi 40. Ukikwama kabisa shuka hadi 1.0, ujinasue, halafu ujaze mara moja. Ile 1.8 uliyoandikiwa naikubali kwa mbele. Kwa nyuma yenye mzigo wa kambi ningeongeza kidogo.

Pima asubuhi kabla gari halijatembea. Mwezi wa saba usiku wa Sesriem una baridi kali na mchana jua linachoma, na kila nyuzi joto 10 za Selsiasi huongeza takriban bar 0.1. Ukikuta gaji imepanda saa nane mchana usitoe upepo. Kesho alfajiri utajikuta na tairi legevu. Madereva wengi wa masafa hujipima hivi: baada ya saa moja barabarani, upepo ukiwa umepanda zaidi ya PSI 6 juu ya ule wa asubuhi, ulianza na upepo mdogo mno au unakimbia mno. Kama huna gaji mkononi, shika ubavu wa tairi kwa kiganja. Usipoweza kukiacha hapo, punguza mwendo.

Umeuliza sana kuhusu mchanga, lakini kinachonitia wasiwasi kwenye njia yako ni changarawe. Ukikwama mchangani utapoteza saa moja na jasho. Kwenye changarawe watu hupinduka. Barabara za Namibia zenye herufi C na D nyingi ni changarawe iliyopigwa greda, pana, imenyooka, haina gari, na inakushawishi. Sheria inaruhusu 100, ila kampuni nyingi za kukodisha huandika 80 kwenye mkataba na kufunga kifaa kinachorekodi mwendo; ukipinduka ukiwa juu ya hapo, bima inaweza kukukana. Barabara ikishaota vituta vile vya mtetemo, kama rasta zisizoisha, utagundua kwamba kwa 80 gari hutulia. Limetulia kwa sababu tairi linarukia vilele tu, na muda mwingi haligusi chini. Breki na usukani havina cha kushika. Kona ikija hapo, au choroa akikatiza, gari hunyooka na njia yake.

Hapo ndipo 4H inapohitajika, na wengi hawaijui kazi hiyo. Ukiacha lami na kuingia changarawe, weka 4H na uiache humo. Magurudumu ya mbele yakivuta pamoja na ya nyuma, mkia hautangitangi kwenye kona. Ukirudi kwenye lami itoe, kwa kuwa Hilux za aina hii hazina difu ya katikati ya kuyaruhusu magurudumu ya mbele na ya nyuma yazunguke kwa mwendo tofauti, na kwenye lami kavu mitambo hujikaza hadi kitu kivunjike. Mkia ukianza kuteleza ondoa mguu kwenye mafuta, usikanyage breki kwa nguvu, usipige usukani. Wengi hawapinduki kwa lile telezo la kwanza. Wanapinduka wanapolirekebisha kwa kuvuta usukani upande wa pili.

Sossusvlei yenyewe ni rahisi kuliko sifa zake. Kutoka lango la Sesriem ni lami kama kilomita 60, na matairi yakae na upepo wa lami. Mwisho wa lami pana maegesho ya magari madogo, na kutoka hapo ni kama kilomita 5 za mchanga mzito. Simama palepale kabla ya kuingia. Fungua kifuniko cha valvu, kitie mfukoni (vinapotea mchangani), bonyeza sindano kwa kijiti na uhesabu sekunde hadi gaji isome 1.2 au 1.3. Hesabu hiyohiyo itakuhudumia kwa magurudumu mengine, ingawa ya nyuma yataomba zaidi kidogo. Weka 4L gia ya pili au ya tatu, zima mfumo wa kudhibiti utelezi maana hukata nguvu ya injini pale unapoihitaji, kisha nenda bila kusita. Ukitaka kusimama, achia mafuta gari lisimame lenyewe. Breki hujenga tuta la mchanga mbele ya kila tairi. Nenda mapema asubuhi, mchanga ukiwa bado umeshikana. Na kama moyo hautaki, hapo kwenye maegesho kuna magari ya kulipia yanayopeleka watu hadi ndani. Kuyatumia si aibu.

Gari likizama, acha mafuta. Kila sekunde ya kuzungusha magurudumu inakushusha hadi tumbo likae mchangani, na hapo upepo hausaidii tena. Chimba mbele ya magurudumu yote manne na chini ya difu, shusha hadi 1.0, rudi nyuma juu ya alama zako ulizokwishazikandamiza, ndipo uende mbele. Difu loki ya nyuma, ile inayolazimisha magurudumu mawili ya nyuma yazunguke pamoja, ifungwe gari likiwa limenyooka, na ifunguliwe ukishatoka. Akitokea wa kukuvuta, kamba ifungwe kwenye ndoano za chesisi. Isifungwe kamwe kwenye kile kichwa cha mviringo cha kuvutia tela, kwa sababu kikikatika huruka kama risasi, na kimeshaua watu.

Etosha haitakusumbua. Mwendo ni 60, njia ni changarawe nyeupe ya chokaa yenye mawe makali, basi usishuke chini ya 1.8, na hairuhusiwi kutoka garini nje ya kambi na sehemu zilizozungushiwa uzio. Pancha nyingi hutokea huko, kwa hiyo dai spea tairi mbili za saizi moja na zile nne.

Moremi ni habari nyingine. Wewe unajua kiangazi ni ukavu, lakini mafuriko ya Okavango hutokana na mvua za nyanda za juu za Angola, na maji husafiri miezi kadhaa. Maeneo ya Maun hupata maji mengi kati ya mwezi wa sita na wa nane, bila tone la mvua angani. Utakuta mchanga mzito na vivuko vya maji katika siku moja. Sisi huku tumezoea kumteremsha mtu apime kina kwa miguu. Moremi usifanye hivyo, maana mna mamba na viboko. Uliza kambini asubuhi kivuko kipi kimejaa, subiri gari lingine lipite uone maji yanalifika wapi, na ukiwa na shaka geuza. Pale penye nyasi katikati ya njia, chungulia chini ya gari kila unaposimama. Nyasi kavu zikijazana karibu na ekzosi huwaka, na zikiziba rejeta injini huchemka.

Yote haya yanategemea kompresa, ile pampu ya umeme ya kurudishia upepo. Usiikubali kwa kuonyeshwa tu kwamba ipo. Ukiwa bado kwenye yadi ya Windhoek, shusha tairi moja hadi 1.2, funga nyaya kwenye betri injini ikiunguruma, ulijaze hadi 2.4 na utazame saa. Ikizidi dakika kumi kwa tairi moja, au ikizima yenyewe kwa joto, omba nyingine kabla hujasaini.